Kufunga si Kushinda na Njaa

Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, kila nyumba ya Kiislamu hujitayarisha. Tende hununuliwa, unga husagwa, na nazi huwekwa akiba kwa ajili ya futari. Katika baadhi ya miji ya pwani yetu watu huvunja jungu, yaani siku za mwisho za Shaabani hula na kustarehe kwa wingi, kana kwamba wanaagana na furaha. Desturi hii yatuonyesha jinsi wengi wanavyoifikiria Ramadhani: kwao ni kama kifungo cha siku 29 au 30, na mfungwa hungoja siku zake ziishe ili arudi alikotoka.

Ndugu msomaji, mtu anayeingia Ramadhani akiwa na nia ya kurudi alikotoka, hapana shaka atarudi huko huko. Siku ya Idi atavaa kanzu mpya, lakini aliyemo ndani ya kanzu hiyo atakuwa ni yule yule wa zamani. Basi yafaa tujiulize mapema: je, tunataka kufunga, au tunataka kushinda na njaa tu?

Makusudio ya saumu

Wenzetu wanaoichunguza dini ya Kiislamu huuliza mara nyingi: Mungu anapata faida gani kwa njaa yangu? Swali hili ni zuri, na jibu lake ni kwamba hapati faida yo yote. Mwenyezi Mungu hana haja na njaa ya mtu. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 184 (nayo ni aya ya 183 katika nakala zisizoihesabu Bismillahi), Kurani Tukufu yatueleza kwamba saumu imefaradhishwa juu yetu kama ilivyofaradhishwa juu ya waliotutangulia, ili tupate kuwa wacha Mungu. Faida yote ni yetu sisi.

Tena Mwenyezi Mungu amempa ruhusa mgonjwa na msafiri wasifunge, bali wazilipe siku hizo baadaye. Katika mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitoka Madina katika mwezi wa Ramadhani kwenda Makka. Alifunga mpaka alipofika mahali paitwapo Kadid, hapo akafungua, na watu nao wakafungua. Kama mateso ya mwili ndiyo yangekuwa makusudio, msafiri angesifiwa kwa kuteseka zaidi. Lakini kinachotakiwa ni utii. Mtii hufunga anapoamriwa kufunga, na hula anaporuhusiwa kula.

Ulimi wa mwenye kufunga

Mtume Mtukufu (s.a.w.) amefundisha kwamba asiyeacha maneno ya uwongo na vitendo vya uwongo, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Pia ameifananisha saumu na ngao, akaagiza kwamba mwenye kufunga akitukanwa au akichokozwa, aseme kuwa amefunga.

Hapa tutazame tunavyoyatumia maneno hayo. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kusema “nimefunga” ili tujizuie na ugomvi. Lakini wangapi miongoni mwetu huyasema kwa kutishia! Saa kumi ya jioni mtoto akimwaga maji, baba hufoka: “Usiniudhi, nimefunga!” Mteja akiuliza bei mara ya pili, mwenye duka humjibu kwa ukali, na watu humtetea wakisema kwamba saumu imemkamata. Neno lililowekwa liwe lijamu ya ulimi tumeligeuza kuwa fimbo. Ngao imetengenezwa kwa ajili ya kukinga, wala si kwa ajili ya kumpigia mwenzako.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwako wewe uliyeingia katika Uislamu karibuni. Yawezekana wazazi wako na ndugu zako si Waislamu. Hawajapata kusoma Kurani Tukufu wala Hadithi. Kitabu wanachokisoma ni wewe. Wakiona kwamba mwezi huu umekuwa mpole kuliko miezi mingine, kwamba unamsaidia mama yako kazi ingawa umefunga, na kwamba chakula chao hakikukasirishi, watajua kuwa dini hii imekuongezea kitu. Bali wakiona uso umekunjwa mwezi mzima, watasema kuwa dini imewanyang’anya mtoto wao. Usiwape sababu ya kusema hivyo.

Cha halali na cha haramu

Yataka tuangalie jinsi aya za saumu zilivyopangwa. Baada ya kuelezwa hukumu za kufunga, mgonjwa, msafiri na usiku wa Ramadhani, inafuata mara moja aya ya 189, inayokataza watu wasilane mali zao kwa batili, wala wasizipeleke mali kwa mahakimu ili wapate kula haki za watu hali wanajua. Mtu aweza kushangaa: rushwa na saumu zina uhusiano gani?

Uhusiano wake ni mkubwa sana. Maji ya mtungini mwako ni halali yako. Chakula ulichokinunua kwa jasho lako ni halali yako, na mke wako ni halali yako. Lakini mchana wa Ramadhani Mwenyezi Mungu anakuambia uviache, nawe unaviacha, hata ukiwa peke yako chumbani ambapo hakuna akuonaye. Sasa ikiwa umeweza kuacha kilicho chako kwa ajili ya Mungu, utatoa udhuru gani kwa kushindwa kuacha kilicho cha mwenzio? Mfanya biashara anayefunga huku mizani yake haisemi kweli, karani anayefunga huku faili la mnyonge haliondoki mezani mpaka lisindikizwe na bahasha, tajiri anayefunga huku mshahara wa mtumishi wake umelala miezi miwili, wote hawa wameacha halali wakashika haramu. Jua linapokuchwa wanafungulia kwa tende, lakini tumboni mna haki ya mtu.

Basi kabla hujahesabu siku ulizofunga, hesabu madeni uliyo nayo. Kama waweza kulipa, lipa. Kama huwezi, nenda kwa mwenye haki, umwombe muda kwa maneno mazuri.

Kusamehe

Tumekwisha itaja safari ya Mtume (s.a.w.) ya mwaka wa 8 wa Hijra. Safari hiyo ilimfikisha Makka, mji wa watu waliomtesa yeye na wafuasi wake muda wa miaka 13, na waliowahi kuuzingira ukoo wake kwa kuwanyima biashara na chakula mpaka wakala majani. Sasa watu hao walikuwa mikononi mwake, naye ana jeshi la watu wapatao 10,000. Aliwasamehe watu wa Makka kwa jumla. Ushindi huo ulipatikana katika Ramadhani, na msamaha huo pia ulitolewa katika Ramadhani.

Ewe ndugu, je, deni la moyoni mwako kwa jirani au ndugu yako lalingana na deni la Makka? Twaomba kila usiku Mwenyezi Mungu atusamehe, na huku kuna mtu ambaye tangu mwaka jana hatujamwitikia salamu. Nenda kwake kabla ya Idi.

Chagua dosari moja

Walimu wetu walikuwa wakitufundisha chuoni njia iliyo nyepesi kueleweka na yenye manufaa makubwa. Katika kila Ramadhani, mtu achague dosari moja tu ya nafsi yake, aweke ahadi na Mola wake ya kuiacha kabisa, si kwa mwezi huu tu bali kwa maisha yake yote. Asimtangazie mtu dosari hiyo, maana Mwenyezi Mungu ameisitiri.

Mkulima mwenye busara hafyeki msitu wote kwa siku moja. Huanza upande mmoja, akang’oa visiki, ndipo akasogea mbele. Anayeahidi kuacha makosa yake yote usiku wa kuandama mwezi, mara nyingi huchoka kabla ya kumi la kwanza kuisha. Kwa hiyo chagua moja: kusengenya, au uwongo mdogo mdogo wa dukani, au kuchelewesha sala ya Alfajiri, au hasira juu ya watoto. Kila wakati wa daku ikumbuke ahadi yako na uombe msaada. Kila unapofungulia, jihesabu: leo nimeishinda, au imenishinda? Ukianguka, omba msamaha, uinuke, uendelee.

Wala usidhani kuwa uko peke yako katika vita hivi. Katikati ya aya hizo za saumu, aya ya 187, Mwenyezi Mungu ametuhakikishia kwamba Yeye yu karibu, na hujibu maombi ya mwenye kumwomba. Kwa sababu hii Mtume (s.a.w.) alikuwa akizidisha ibada katika siku 10 za mwisho, akikesha na kuwaamsha watu wa nyumbani mwake. Ramadhani ikufikishe katika ukaribu huo, nawe usiondoke hapo mwezi wa Shawali unapoandama.

Mwenyezi Mungu atujaalie tufunge kwa matumbo yetu, kwa ndimi zetu na kwa mikono yetu, na siku ya Idi atukute tuwe watu wengine, walio bora kuliko tulivyokuwa. Amin.