Chuma Chenye Sura ya Mti: Je, Ni Uongo?

Kuna kazi ya ufundi huko Marekani inayotuletea ulizo gumu juu ya ukweli.

Motokari za kwanza zilitengenezwa kwa mbao nyingi. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilizidi kutumia chuma, lakini macho ya wanunuzi yalikuwa yamezoea mti. Basi ndani ya motokari, kwenye viunzi vya madirisha na kwenye bamba la mbele ya shofere, penye saa za kupimia mbio na mafuta, chuma kilitiwa rangi mpaka kikaonekana kama mjozi.

Leo motokari hizo ni za kale, na wenye kuzipenda wataka zirudi kama zilivyotoka kiwandani. Fundi huondoa rangi kuukuu na kutu, kisha hupaka rangi ya chini, ya kahawia hafifu. Anayo sahani iliyochorwa mistari ya mti, pamoja na vifundo na mapindo yake. Huitia wino, hukwangua wino unaozidi ili ubaki ndani ya michoro tu, kisha hupitisha rola laini. Rola hushika wino na kuupeleka juu ya chuma kwa mwendo mmoja, maana mkono ukisita, mistari huvurugika, naye hufuta na kuanza tena. Mwisho hupaka vernisi. Ukitazama, utasema ni mti. Ukigusa, ni baridi ya chuma.

Je, fundi huyu ni mwongo? Wengi watajibu upesi: Ndiyo! Mimi nasema sivyo. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake Soliloquia, alionyesha kwamba farasi wa picha hawezi kuwa picha ya kweli asipokuwa farasi wa uongo. Uongo wenyewe ni kutaka kumdanganya mwenzako. Mnunuzi wa mwaka 1940 aligusa, akajua ni chuma, akalipa bei ya motokari ya chuma. Labda alitaka jirani amdhani tajiri. Lakini kosa hilo, kama lipo, limo moyoni mwake, halimo katika rola ya fundi.

Sasa mwenye motokari amwambia fundi: «Ondoa rangi hii ya bure, weka mti wa kweli.» Mti ni safi, kazi ni nzuri kuliko ya kwanza. Lakini akimwambia mnunuzi kwamba ndivyo ilivyotoka kiwandani, mti ule wa kweli ndio uliogeuka kuwa uongo, na rangi ya bure ingalikuwa kweli. Tazameni Chrysler Town & Country, iliyouzwa miaka ya 1946 hadi 1948. Mwanzoni, ubavuni mwake, kati ya viunzi vya mti, mlikuwa na bao za mahogani. Baadaye kiwanda kiliweka mahali pake utando uliochapwa sura ya mahogani. Anayetaka kuitengeneza kwa haki yampasa kwanza aujue mwaka wake, la sivyo ataheshimu mti na kuisahau motokari.

Tena kuna ubaya mkubwa kuliko huo: kufunika shimo la kutu kwa lipu na kulipamba kwa mistari mizuri. Hapo sura ya mti yafanya kazi isiyokuwa yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba muuzaji amefungwa kufunua ila iliyofichika, ikiwa yaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara.

Lakini fundi si muuzaji. Afanye nini akijua kwamba mwenye motokari atanyamaza? Aweza kuandika nyuma ya bamba siku na kazi aliyoifanya. Ni vizuri. Walakini haitoshi, kwa maana hakuna mnunuzi anayefungua visi kabla ya kulipa. Kama ameijua hila tangu mwanzo, kazi hiyo asiipokee, hata ikiwa mwezi huo hana nyingine.