Uhakika Hukomaa kwa Kukosolewa

Profesa anayeandika kitabu cha algoriti hutoa ahadi ambayo waandishi wengine hawathubutu kuitoa: ukifuata hatua hizi, jibu lako litakuwa sahihi kila mara. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia maisha yake kuitimiza. Alianza kuandika The Art of Computer Programming mwaka 1962, juzuu ya kwanza ikatoka 1968, na hadi sasa mfululizo huo haujakamilika. Kwa miaka mingi amemwahidi msomaji wa kwanza kugundua kosa lolote zawadi ya dola 2.56. Mtu mwenye uthibitisho wa kihisabati mkononi anatafuta nini kwa wasomaji? Nashikilia kwamba zawadi hiyo ina funzo kuhusu uhakika wenyewe: uthibitisho huuzaa, lakini kukosolewa ndiko kunakoukomaza.

Tazama utafutaji wa nusu kwa nusu. Una orodha ya majina elfu moja yaliyopangwa kialfabeti. Unatazama la katikati, unaacha nusu isiyohusika, unarudia. Kwa hatua zisizozidi kumi, jina umelipata au umejua kuwa halimo. Njia hii ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1946, na Knuth ameeleza kwamba ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya kuchapishwa toleo linalofaa orodha za kila ukubwa. Mwaka 1986 mtaalamu wa kompyuta Jon Bentley aliithibitisha kwa makini katika kitabu chake Programming Pearls. Miaka ishirini baadaye, mhandisi wa programu Joshua Bloch alitangaza kwamba kosa lilikuwamo bado, na kwamba lilikaa pia ndani ya maktaba ya lugha ya programu ya Java kwa takriban miaka tisa. Lilijificha katika mstari wa kutafuta katikati: jumlisha mwanzo na mwisho, gawa kwa mbili. Nambari kamili za kawaida za Java zinaishia 2,147,483,647. Mwanzo ukiwa 1,500,000,000 na mwisho 1,600,000,000, jumla inapita kikomo, inageuka hasi, na programu inakwama.

Mtetezi wa hisabati atasema uthibitisho haukuwa na dosari: kwa nambari zisizo na kikomo, hoja ya Bentley inasimama, na lawama ni ya mashine. Pingamizi hili lina uzito, na nusu yake naikubali. Hata hivyo, kila uthibitisho umejengwa juu ya dhana fulani, na dhana iliyozoeleka mno ndiyo husahauliwa kuandikwa. Mwandishi haioni kwa sababu anafikiri kwa kuitegemea. Anamhitaji mtu mwenye orodha kubwa zaidi, mashine nyingine, au swali geni, amwonyeshe hoja yake inakoishia. Kujua hoja inakoishia ni sehemu ya kuijua.

Wengine watalalamika kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo: kila kauli ikimsubiri mkosoaji, tutajenga lini? Lakini kukaribisha masahihisho hakumzuii mtu kufanya kazi. Maktaba ile ya Java iliwafaa watu kwa miaka yote hiyo, na kasoro yake ilirekebishwa kwa kubadili mstari mmoja, kwa kuwa hatua zake zilisomeka na sababu ya kila hatua ilijulikana. Kosa linalochelewesha kazi ni lile lisiloweza kufikiwa na yeyote.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sote. Leo algoriti huamua nani apewe mkopo na nani anyimwe, na mara nyingi anayenyimwa haruhusiwi kuona hatua za algoriti hiyo wala kuhoji dhana zake. Iwapo profesa mwenye uthibitisho mkononi bado anawatuza wanaomsahihisha, basi taasisi inayofunga milango ya maswali haina haki ya kudai kwamba mashine yake haikosei. Haki ya kusema "nina uhakika" huja pamoja na wajibu wa kumsikiliza anayesema "umekosea".