Ukuta Si Wako, Siku Ni Zako

Wilaya ya Buhigwe ilizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kasulu, na wilaya mpya huja na wapangaji wapya. Mwalimu anapangiwa shule, muuguzi anapangiwa kituo cha afya, karani wa halmashauri anateremka na begi na godoro. Wanatafuta chumba na sebule katika nyumba ya tofali za kuchoma, wanalipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, wanakabidhiwa ufunguo pamoja na masharti. Katika masharti hayo lipo moja ambalo wengi hulisikia na kulipita: usipigilie misumari ukutani.

Linaonekana dogo. Lakini ndani yake kuna swali zito: je, mtu anaweza kuishi mahali kweli kweli bila kuacha alama yoyote? Na akiiacha, amekosa?

Tumsikilize kwanza mwenye nyumba, maana hoja yake si ya kipuuzi. Ukuta uliopigwa lipu ya udongo na kupakwa chokaa hauvumilii nyundo. Msumari ukiingia vibaya, linabanduka bonge sawa na kiganja. Wapangaji wakipokezana miaka kumi, kila mmoja na misumari yake, ukuta utaonekana kama ulipigwa risasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo iko upande wake: mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Lakini sheria hiyohiyo inampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa amani, bila kubughudhiwa. Kukaa, jamani, si kulala tu.

Mpangaji naye ana hoja yake: "Rangi nimenunua mimi, kazi nimefanya mimi, kwa nini nisiamue?" Mwanafalsafa John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya jasho lake na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake. Sawa, ila ukuta wa kupanga una mwenyewe. Jasho lako halikupi umiliki wake. Na zaidi ya mwenye nyumba, yupo mtu wa tatu tunayemsahau siku zote: mpangaji ajaye. Yeye hakuulizwa kama anapenda zambarau, wala hakushirikishwa kwenye yale matundu.

Kwa hiyo kosa si alama yenyewe. Kosa ni kumwachia mwingine mzigo ambao hukumuuliza. Tundu ulilolijaza na kulipaka chokaa si uharibifu, ni maisha yaliyopita hapo. Picha iliyobandikwa kwa gundi kali, ambayo ukiivuta inaondoka na ngozi ya ukuta, hiyo ni uharibifu hata kama haikuhusu nyundo.

Hata hivyo kuna kosa la pili, ambalo halisemwi kwa sababu halimgharimu mwenye nyumba hata senti. Ni lile la kusema "nitapamba nikijenga kwangu." Unaingia kwa mtu aliyepanga miaka minane, ukuta mtupu kama siku ya kwanza. Vitambaa alivyofuma mama yake viko ndani ya sanduku, picha ya marehemu baba iko kwenye bahasha. Yaani maisha yote yamewekwa akiba, yanasubiri kiwanja. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wengi tumeuelewa usemi huo kwamba cha muda hakistahili kupendwa. Sikubaliani na tafsiri hiyo. Nguo ya kuazima ukiivaa uchafu, aibu bado ni yako.

Tena "muda" ni neno la hatari. Hapohapo jirani, wilayani Kasulu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Simlinganishi mkimbizi na mpangaji. Mpangaji ana mkataba na anaweza kuhama kesho. Lakini mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule wa kwanza leo ni mtu mzima, na utoto wake wote ulipita mahali palipoitwa pa muda. Utoto huo haukuwa wa majaribio.

Na mwenye nyumba ajitazame pia. Kwa sheria yetu ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na hati ya kumiliki hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Baba mwenye nyumba mwenye hati ya namna hiyo naye ana tarehe ya kurudisha. Tofauti yake na mpangaji wake ni urefu wa kamba.

Basi tufanyeje? Kigoma haina shida ya vitenge. Funga kamba kutoka kenchi hadi kenchi, teremsha kitenge, na ukuta mzima umebadilika bila kuguswa. Vikapu vining'inie kwenye kamba hiyohiyo. Msumari wa kalenda uliouachiwa na aliyetangulia, utumie huohuo. Rafu isimame sakafuni badala ya kung'ang'ania lipu. Ukitaka zaidi ya hapo, mwambie mwenye nyumba: "Mzee, naomba kupigilia ubao mmoja pale juu, nitaning'iniza vitu vyangu vyote hapo." Ubao mmoja unaokoa matundu ishirini, na ombi lenyewe linajenga ujirani.

Wajenzi wa Lamu walilijua hili zamani. Katika nyumba za mawe za karne ya 18 waliweka zidaka, vishubaka vya lipu ndani ya ukuta, vya kupangia vyombo vya kauri na mapambo mengine. Ukuta ulijengwa ukijua kwamba watu wataishi humo. Mwenye nyumba wa leo anayejenga vyumba vya kupangisha hahitaji zidaka. Ubao mwembamba kila chumba unatosha. Anayekataza misumari bila kutoa pa kuning'iniza anataka kodi ya mtu bila mtu mwenyewe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpangaji ameshashika jembe. Analipa, anafagia uwanja, anachota maji, analia na kucheka humo. Siku ya kuondoka atakunja kitenge chake, atafungua kamba, atamwachia mwenzake ukuta mzima. Miaka aliyoishi humo haimo kwenye orodha ya vitu vya kurudisha.