Je, Kijana Ana Deni la Ini?



Kijana mmoja wa mtaa wetu aliuliza swali katika mafundisho, na wengine wakacheka: mtoto akikataa kumpa baba yake kipande cha ini, je, amevunja amri ya kuwaheshimu wazazi? Nilimjibu kwamba hajaivunja. Sababu zangu ni hizi.

Hapa nchini figo zilianza kupandikizwa Muhimbili mwaka 2017, na mwaka 2018 Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wagonjwa wa ini wamekuwa wakisafiri ng'ambo, hasa India. Aendaye kupewa ini la mtu aliye hai hufuatana na mtoaji, aghalabu ndugu wa damu, na ndugu huyo huchaguliwa nyumbani, katika kikao cha ukoo.

Ini si kama figo. Figo ukitoa moja, hairudi. Ini likikatwa hukua tena. Mtoaji aweza kutoa hata asilimia 60, na baada ya miezi michache kilichobaki hukaribia ukubwa wa kwanza. Kipande alichopewa mgonjwa nacho hukua. Kazi hii ilifanikiwa mwaka 1989 huko Brisbane, Australia, mama alipompa mwanawe mdogo.

Lakini umri una neno. Kisiki cha mkaratusi mchanga huchipua upesi, cha mti mkongwe husitasita. Na ini ni hivyo hivyo. Chembe za ini la mzee huchelewa kujigawa, na kipande kikiwa kidogo, mgonjwa aweza kuzidiwa kabla hakijatosha. Kwa hiyo hospitali nyingi hazipokei mtoaji aliyepita miaka 55 au 60. (Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani waliwaunganisha panya mzee na panya kijana wakashiriki damu, na chembe za ini la mzee zikachangamka. Kumbe uzee hauko katika ini peke yake!)

Wazee wenzangu, hatari yetu iko hapo. Daktari akisema ini la kijana linafaa zaidi, sisi twasikia kwamba kijana anapaswa. Hayo ni mambo mawili. Daktari ametaja habari za chembe, hakutaja habari za haki. Shamba la jirani likiwa na rutuba kuliko langu, sijapata ruhusa ya kulilima.

Tena kijana naye anaingia hatarini. Kwa watoaji wa upande mkubwa wa kulia, hukadiriwa kwamba hufa mmoja katika kila 200 hadi 500. Ni wachache, lakini huyo mmoja ana mke, au alikuwa bado hajaoa. Twasema jambo zito limetukata maini; hapa maini hukatwa kweli.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, anaeleza nani amwekee mwenzake akiba kati ya mzazi na mtoto, na si mtoto. Na tusomapo Mwanzo 22 twamsifu Ibrahimu, twamsahau Isaka. Isaka aliuliza tu mwana-kondoo yuko wapi. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Huku kwetu Ufipa baba mkubwa hana haja ya kuamuru. Akinyamaza na kumtazama kijana, kikao kimekwisha. Kijana atasema "ndiyo, baba", nasi tutaita jambo hilo upendo. Ziko hospitali ambazo humwuliza mtoaji faraghani, na akikataa, huwaambia jamaa zake tu kwamba hafai kwa sababu za kitabibu. Wako wasemao kwamba huo ni uongo. Mimi niliyewafundisha watoto amri ya tisa miaka mingi nashindwa kuwalaumu madaktari hao, maana bila kinga hiyo kijana atarudi nyumbani kwa watu ambao hawatamsalimu.

Simkatazi atakaye kutoa. Atoaye kwa hiari amefanya jambo kubwa, na hata baba wa miaka 62 aliyekataliwa kwa umri wake aweza kuuza ng'ombe apate nauli. Ila kikao kisimwite kijana. Aende kwa daktari peke yake kwanza, na kama akitaka mtu wa kumsindikiza, awe mchungaji au rafiki yake, asiwe baba mkubwa.