Mahindi ya Baba Mdogo

Mwezi wa tano, baba mdogo alimenya hindi moja shambani kwake Kongwa, akang'oa punje, akaikwangua kitakoni kwa ukucha. Palikuwa na doa jeusi. Doa hilo likishatokea, mmea hauongezi tena chakula kwenye punje. Kilichobaki ni kukauka tu. "Yamekomaa," akasema, akijifuta mikono kwenye suruali. Kwa maoni yangu hapo ndipo msimu wake ulipoharibika, maana lile doa alilichukua kuwa ruhusa ya kupumzika.

Hakuwa mvivu. Alipalilia mara mbili. Viwavijeshi vamizi walipoingia mahindi yakiwa usawa wa goti, alipita mstari kwa mstari alfajiri, bomba mgongoni. Lakini shamba likishageuka rangi ya kaki, nani tena anayeamka alfajiri? Vibarua walikuwa ghali, kulikuwa na harusi ya mpwa wake, na bei ya mwezi wa sita, mahindi yanapofurika sokoni, ilimchefua. Akayaacha yamesimama. Jua ni la bure, alisema.

Mamdogo ndiye aliyeona kwanza. Mwishoni mwa mwezi wa saba alirudi kutoka kutafuta kuni na hindi moja ndani ya kanga. Ganda lake lilikuwa na vitundu vya mviringo, visafi, kama vimetobolewa kwa sindano ya kushonea magunia. Alipolitikisa, unga ukamwagikia kiganjani.

"Baba watoto, haya yanaliwa."

"Hilo vumbi la barabarani, mama."

Alikuwa dumuzi. Huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na kwetu alianza kujulikana Tabora, miaka ya 1970 ikiishia. Wengine humwita Scania. Wakenya baadaye wakambatiza Osama. Wataalamu waliopima maghala ya wakulima wa Tanzania miaka ya mwanzo ya 1980 walikuta mahali pengine mahindi yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito ndani ya miezi michache. Fukusi tunamjua, ana mkonga. Dumuzi hana: kichwa kimefichwa chini ya kifua, na nyuma ni butu kama amekatwa kwa wembe. Anaruka, wala hangoji ghala. Mahindi makavu yaliyoachwa shambani humtosha kuanzia. Na anapenda zaidi punje ikiwa bado kwenye gunzi, kwa sababu hapo haichezi, anapata pa kujikaza akitoboa.

Baba mdogo alivuna mwezi wa nane, akayajaza mahindi na maganda yake kwenye kihenge kilekile ambacho chini kilikuwa na mabaki ya mwaka uliopita. Hakukifagia.

Jirani yake, bibi mmoja anayelea wajukuu, alikuwa amevuna mapema mwezi wa sita, na watu walimcheka kwamba anavuna maji. Aliyaanika juu ya turubai, maana ukungu unaoleta sumukuvu huishi udongoni. Akapukuchua. Kisha akatia punje kidogo kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikang'ang'ania kuta za chupa. Akaanika siku mbili zaidi, akatikisa tena, na safari hii chumvi ikashuka yote chini. Ndipo akayafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Hakutia dawa hata kijiko.

Dawa aliinunua baba mdogo, mwezi wa kumi, ya kiambato kimoja, akainyunyiza juu ya lundo kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi. Inayotakiwa ina viwili: pirimifosi-methili ya kumuua fukusi na permethrini ya kumuua dumuzi. Nayo huchanganywa na punje zilizokwisha pukuchuliwa, kwa kipimo cha kwenye pakiti, koleo kwa koleo. Hindi lenye ganda utalipaka vumbi tu. Wenyewe wamo ndani.

Mwezi wa kumi na mbili nililala kwake. Kihenge kilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba changu, na usiku kucha nilisikia mchakacho, kama manyunyu juu ya majani makavu. Nilitoka nje kutazama. Mbingu ilikuwa imejaa nyota.

Januari bei ilipanda, kama alivyotabiri. Hilo lazima nimpe haki yake. Katika magunia kumi na moja aliyokuwa akiyahesabu kichwani, tulipukuchua tukapata manne, tukayapeleka soko la Kibaigwa. Mnunuzi alichoma bambo kwenye gunia la kwanza, akalichomoa, akalimiminia kiganjani. Zikatoka punje sita saba, nyepesi kama makapi, na unga. Akaupuliza, akamtazama baba mdogo, akauliza kwa adabu kabisa:

"Mzee, mbona umeshayasaga?"

Mimi ndiye niliyeyashusha magunia yale kwenye gari, na mimi ndiye niliyeyapandisha tena. Moja nililibeba peke yangu.