Andikeni Ukweli Kwenye Fomu

Wanangu mawakala wa bima, nimeyasema haya hadi sauti imechoka. Nitayasema tena, maana kila mwaka wanaingia wapya kwenye kazi hii, na kila mwaka wanalia wateja wapya.

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuuza bima Tanzania bila leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni iliyomteua. Dalali humsimamia mteja: humtafutia kampuni inayomfaa na kumfuatilia madai yake. Jueni mmesimama upande gani, na mteja naye ajue.

Sasa tazameni yanayotokea. Anakuja mwenye Noah ya kubeba abiria, mfuko umekauka. Wakala anamnong'oneza, "Tuandike matumizi binafsi, bei itashuka." Mteja anasaini. Stika inatoka, namba ya gari inasoma kwenye mfumo, trafiki anaridhika. Siku gari linapinduka na abiria ndani, kampuni inauliza swali moja tu: lilikuwa likifanya kazi gani? Hapo madai yanakwama. Kamisheni ya wakala imeshaliwa zamani, na mwenye gari anatafuta wa kumuuzia kiwanja. Anaweza kwenda TIRA, anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini karatasi yenye saini yake ndiyo itakayomsuta.

Mwelezeni pia anayenunua bima ndogo ya gari kwamba inamlipa aliyegongwa. Gari lake mwenyewe likiharibika, atalitengeneza kwa fedha zake. Wengi hulijua hilo wakiwa gereji, wakati wa kuchagua umekwisha kupita.

Na ada ya bima, wanangu, si fedha yenu. Msiikopeshe, msiilaze mfukoni mkisubiri mwisho wa mwezi. Ifike kwenye kampuni, na risiti itoke siku hiyohiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua ushindani ni mkali, na anayesema ukweli wakati mwingine humwona mteja akivuka barabara kwenda kwa anayedanganya. Mwacheni aende. Leseni ikiisha muda huhuishwa. Jina likishaharibika mtaani, hakuna ofisi ya kulihuisha. Ninaloomba ni dogo: kabla mteja hajasaini, isomeni fomu naye, swali kwa swali, na jibu liwe la kweli.