Mgeni na Sheria za Mwenyeji: Kwa Vijana Waendao Kusoma Ng'ambo



Kila mwaka vijana wetu husafiri kwenda kutafuta elimu katika nchi za mbali, na wazazi huwausia mambo mawili: shika dini yako, na ujihadhari. Mausia hayo ni mema. Lakini kijana aliyeingia Uislamu juzi tu hufika huko akajikuta njia panda. Akifuata desturi za wenyeji, moyo humwambia kwamba anaiacha dini. Akizikataa zote, hukosana na jirani, na mwalimu, na hata na askari wa barabarani. Jambo hili limekwisha kuamuliwa zamani, kwa matendo ya Mtume Muhammad s.a.w. na masahaba zake.

Mwaka 622 Mtume s.a.w. alipohama Makka, alijificha siku tatu katika pango la Thaur, na kiongozi wa njia aliyeajiriwa alikuwa Abdullah bin Uraikit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Je, Mtume wa Mungu alipungukiwa na tawakali? La hasha! Aliyeahidiwa ulinzi wa Mwenyezi Mungu hakuona haya kumfuata mtu asiye Mwislamu, kwa kuwa mtu huyo aliijua njia. Na Kurani Tukufu, katika Sura Albaqara, imetukataza kujitia katika maangamizi. (Wako wadhanio kuwa kumtegemea Mungu ni kulala bila kufunga mlango. Hao na wamwulize yule Bedui aliyeagizwa amfunge ngamia wake kwanza.)

Tuchukue mfano wa Ujerumani. Kwetu Afrika Mashariki magari hupita kushoto, na mwenda kwa miguu amezoea kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka. Ujerumani magari hupita kulia. Akitazama upande wa mazoea, gari humtokea kushoto. Wakati wa baridi kali asithubutu kuwasha jiko la mkaa chumbani: mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na katika chumba kilichofungwa humwua mtu usingizini. Akihamia makazi mapya, sheria yamtaka ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Jumapili ni siku ya utulivu. Kupiga misumari ukutani siku hiyo, au kutupa chupa katika mapipa yake, ni kuwaudhi majirani. Katika haya yote hakuna hata moja linalogusa imani. Anayeyapuuza kwa kisingizio cha dini anaisingizia dini. Katika sharti la pili la baiati, Mwahmadiyya huahidi kujiepusha na ufisadi na uasi. Basi ahadi hiyo haiishii kwenye mpaka wa nchi yake.

Hata ibada yenyewe itamtaka aulize. Kijana wa Dar es Salaam amezoea kuelekea kaskazini aswalipo. Frankfurt kibla ki kusini-mashariki. Mwezi wa Desemba jua huko hutua karibu saa kumi na nusu jioni, na Adhuhuri na Alasiri hukaribiana sana. Mwezi wa Juni hutua baada ya saa tatu usiku. Asiyeuliza atapitwa na swala huku akingojea giza. Msikiti wa Nuur wa Jumuiya yetu upo Frankfurt tangu 1959, nao ni mahali pema pa kuulizia.

Lakini iko mipaka. Akikaribishwa pombe au nyama ya nguruwe, atakataa. Mwanamke akimnyoshea mkono, au mwanamume akimnyoshea binti yetu, ataweka mkono kifuani na kueleza kwa upole sababu yake. Kukataa kwa uso uliokunjamana kutamfanya mwenyeji adhani amedharauliwa, naye alikusudia heshima tu.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Mwaka 615 Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, nchi ya mfalme Mkristo. Waliishi chini ya sheria zake bila kufanya fujo. Makureshi wakatuma wajumbe wenye zawadi za ngozi, wakiomba warudishwe. Wakimbizi walipoitwa barazani, maisha yao yote yalikuwa mkononi mwa mfalme huyo. Imepokewa kwamba hawakumsujudia kama ilivyokuwa desturi ya baraza lile, wakasema kwamba wao humsujudia Mungu tu. Jaafar bin Abi Talib r.a. akaeleza imani yao kwa adabu, akamsomea sehemu ya Sura Mariamu, na mfalme akalia. Siku ya pili wajumbe wakamchochea awaulize juu ya Isa a.s. Hapo ungeliweza kufichwa ukweli kwa ajili ya usalama. Jaafar r.a. akasema wazi kwamba Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake. Mfalme akazirudisha zawadi za Makureshi, akawahakikishia wageni wake amani.

Baadhi yao walikaa huko mpaka 628. Na Najashi yule alipofariki, Mtume s.a.w. aliwapa masahaba habari za kifo chake siku ile ile, akawapanga safu, akamswalia swala ya jeneza akiwa Madina.